Lugha za mtoto wa shule ya kimataifa: tunavyofanya nyumbani kwetu Dodoma

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipompigia simu bibi yake wa Mvumi kumwambia kwamba kesho tutafika saa tisa. Bibi akaitikia kwa furaha. Kesho yake tukafika asubuhi, tukakuta mlango umefungwa na jiko limepoa; bibi yuko shambani anapalilia uwele. Tulikaa chini ya mbuyu mpaka jirani alipomtuma mwanawe akamwite. Mtoto alikuwa amehesabu saa kwa Kiingereza, akaitaja kwa Kiswahili. Kwake yeye tisa ilikuwa asubuhi, kwa bibi saa tisa ni alasiri. Bibi hakumkaripia. Alimpa maji, akainama kuwasha kuni. Mimi ndiye niliyeumia, maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo mwalimu wake alinishauri tuongee Kiingereza tu nyumbani, mtoto asije akaachwa nyuma na wenzake. Nikatii. Nyumba ikapoa. Mtoto akawa anajibu kwa neno moja moja, na baba yake naye akawa anafupisha mazungumzo. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, la kwanza ni hili: usiihame lugha yako. Kiingereza cha kuchezea na wenzake mtoto hukipata ndani ya miaka miwili hivi. Kile cha kusomea, cha kueleza sababu na kujenga hoja kwa maandishi, huchukua mitano hadi saba. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, ameliandika hili kwa miaka mingi, na ameeleza pia kwamba mtoto akishalielewa jambo kwa lugha yake ya kwanza halianzi upya kwa lugha ya pili. Anachotafuta hapo ni maneno yake tu.

Ila kuongea peke yake hakutoshi. Mtoto anaweza kuomba chai kwa Kiswahili maisha yake yote na bado asiweze kusoma mkataba. Lugha ipewe kazi. Mimi nina duka la pembejeo, basi kila Jumamosi binti ndiye anayeandika daftari la madeni. Mara ya kwanza aliandika: "Mzee wa Hombolo, mbegu mbili za alizeti, amelipa nusu." Nikamuuliza, mbegu mbili au kilo mbili? Nusu ya nini? Akakaa kimya, akafuta, akaandika upya: "Mbegu za alizeti kilo mbili, amelipa nusu ya bei, atamalizia mwisho wa mwezi." Siku hiyo hiyo niligundua hajui laki ni kiasi gani. Nilimwekea noti za elfu kumi mezani, akazihesabu moja moja hadi kumi. Hajaisahau tena.

Kama huna duka, kuna orodha ya sokoni, kuna barua ya kwenda kwa shangazi, kuna kusoma gazeti la Mwananchi siku ya Jumapili kisha kumsimulia baba habari moja bila kulitazama. Na masomo ya shuleni yapitishwe kwenye Kiswahili pia. Alipokuwa anasoma hesabu za sehemu, nilimkatia chapati vipande vinne, akala kimoja, nikamuuliza: katika robo tatu hii iliyobaki, asili ni ipi na kiasi ni kipi? Nne ni asili, tatu ni kiasi. Neno la Kiingereza la jinsi mmea unavyojitengenezea chakula alikuwa amelikariri tu. Nilipomwambia "usanisinuru" aliisikia nuru humo ndani, akanieleza mwenyewe kazi ya jua. Nilifurahi sana siku ile.

Sasa shuleni. Kabla hujasaini fomu ya kuchagua lugha, uliza: Kiswahili kinafundishwa kama lugha ya kwanza au kama lugha ya wageni? Omba kukiona kitabu chenyewe. Wa kwangu aliwekwa na wanaoanza, akarudi nyumbani na zoezi la "Jina langu ni nani? Ninakaa wapi?" Mtoto wa Dodoma! Niliandika barua, nikaambatanisha hadithi aliyoiandika kwa mkono wake, wakamhamisha. Usiende kulalamika mikono mitupu. Nenda na kazi ya mtoto.

Kama shule inafuata mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), fahamu kwamba Diploma yake ina masomo sita, na Kiswahili kinaweza kusomwa kama Lugha A, yaani lugha ya fasihi na fikra, bega kwa bega na Kiingereza. Mwanafunzi akifaulu lugha mbili za ngazi hiyo hupata diploma ya lugha mbili. Shule ikiwa haina mwalimu wa lugha yenu, upo utaratibu wa mwanafunzi kujisomea fasihi yake kwa usimamizi wa shule. Kazungumze na mratibu mapema, mwaka mzima kabla, kwa sababu vitabu vinahitaji kutafutwa.

Kifaransa tuliongeza baadaye, Kiswahili kilipokwisha kusimama, na sijutii kusubiri. Robo saa kila siku, baada ya chakula cha jioni, si saa mbili za Jumamosi. Msaada mkubwa umetoka kwenye ngeli zetu. Alikuwa analia kwamba Kifaransa kinabadilisha neno la sifa bila sababu. Nikamwandikia: nyumba nyeupe, ukuta mweupe. Chini yake: la maison blanche, le mur blanc. Akatazama muda mrefu. Kumbe sifa inaifuata nomino na inavaa nguo yake, kama kwetu.

Kigogo, lugha ya bibi, ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakina mtihani wala kipindi. Sisi tumekifungia siku: Jumatano jioni ni simu ya bibi, na simu haianzi mpaka mtoto atoe salamu ya Kigogo, "Mbukwa". Nilikuwa namsahihisha katikati ya sentensi mpaka bibi akanikataza. Sasa nanyamaza, nasubiri akwame, bibi anamwokoa. Likizo anakwenda Mvumi bila mimi, maana nikiwepo hukimbilia Kiswahili. Huko anapepeta uwele, anaanika mlenda, anakaa na shangazi zake wakipiga ngoma ya muheme, na maneno humjia pamoja na kazi. Namrekodi bibi kwa simu akisimulia, kisha mtoto anaandika alichosikia. Kanisani kuna Biblia ya Kigogo, tunaitazama tahajia humo: c mahali ambapo Kiswahili kina ch, na h ile inayofuata m au n katika baadhi ya maneno.

Akijibu kwa Kiingereza, usimkaripie na usijifanye hujasikia. Rudia alichosema kwa lugha ya zamu hiyo, kwa upole, kisha endelea na mazungumzo. Mdogo wake ana miaka mitano, na wiki iliyopita nilimsikia akimfanyia dada yake hivyo hivyo.