Kadi za grafiki zikikaribiana bei, anza na skrini

Ukiniletea majina matatu ya kadi za grafiki ambazo bei zake zimeachana kidogo, mimi kwanza nitakuuliza utachezea kwenye skrini gani. Hapa Ngamiani, Tanga, vijana wengi wanaojenga kompyuta ya gemu huichomeka kwenye runinga ya sebuleni, na runinga nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi hii ikitoa fremu (yaani picha kwa sekunde) 95 na ile ikatoa 110, machoni mwako zote ni 60. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hizo 15 za juu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta kama milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 inakaribia milioni 3.7, na hapo ndipo kadi huanza kufanya kazi kweli. Kwa hiyo, mdogo wangu, jua skrini yako kabla hujatazama kadi yoyote.

Tuchukue tatu ninazoulizwa mara kwa mara: RTX 4060 ya Nvidia na RX 7600 ya AMD, zote za 2023, na Arc B580 ya Intel iliyotoka Desemba 2024. Marekani zilitangazwa kwa dola 299, 269 na 249. Zikishafika Kariakoo mpangilio huo unaweza kugeuka, kwa hiyo linganisha bei uliyotajiwa dukani na uachane na ya mtandaoni.

Mbili za kwanza zina gigabaiti 8 za kumbukumbu, B580 ina 12. Tofauti hii naitilia mkazo. Kumbukumbu ya kadi ndimo gemu inamohifadhi sura za kuta, nguo, majani na barabara. Ikijaa, kadi huanza kuazima ramu ya kompyuta kupitia mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), njia ambayo ni ya taratibu mno. Matokeo yake gemu inashtuka-shtuka kila unapogeuka, hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Kama wewe ni mtu wa mpira, Valorant na GTA V, gigabaiti 8 zinakutosha kabisa. Kama unataka gemu kubwa za miaka hii na mipangilio ya juu, chukua 12.

Lakini B580 ina masharti. Inataka mazabodi yenye Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, tena iwe imewashwa, na Intel wenyewe wanaelekeza prosesa za Core za kizazi cha 10 kwenda juu. Ukiiweka kwenye prosesa dhaifu inashuka kuliko wenzake, na gemu za zamani huweza kuisumbua. Mteja mmoja wa Makorora alitaka niifunge kwenye mashine ya kizazi cha 6. Nilimkatalia, akachukua RTX 4060.

Sasa umeme, maana hapa ndipo watu wanapopita haraka. RTX 4060 inakula wati 115, RX 7600 wati 165, B580 wati 190. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna wati 75. Ukicheza saa 4 kila siku, kwa mwezi hizo ni yuniti 9 za LUKU, na mwenye kununua LUKU mara nyingi ni mzazi wako. Wati hizo hizo zinageuka joto chumbani, na kaskazi ikivuma Tanga, chumba chenye bati juu na feni moja kinakuwa kizito. Kwa chumba cha namna hiyo naipendelea RTX 4060 hata kumbukumbu yake ikiwa ndogo. Yoyote utakayochukua, weka kikomo cha fremu 60 kwenye mipangilio: kadi itapoa na feni zake zitatulia.

Pawa saplai usiibane. Kwa RTX 4060 Nvidia wanapendekeza ya wati 550. Nunua yenye jina linaloaminika, weka na UPS, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hauchagui kadi ya bei gani. Na kama unachoita kompyuta mpya ni ile ya ofisini iliyotumika, ile nyembamba, fungua ubavu wake kwanza. Nyingi hazina waya wa pini 8 wa kadi, na kadi ya feni mbili haiingii.

Soma jina lote. Kuna RTX 3060 ya gigabaiti 12 na kuna RTX 3060 ya 8, ambayo njia yake ya kumbukumbu pia imebanwa, kutoka biti 192 hadi 128. Kwenye tangazo zote zimeandikwa RTX 3060. Vivyo hivyo RX 9060 XT ya 2025: ipo ya 8, ipo ya 16. RTX 3060 ya 12 iliyotumika nayo ni chaguo zuri ikiwa bei yake imeshuka vya kutosha, ila nyingi zilichimbishwa sarafu za mtandaoni kabla ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Zungusha feni kwa kidole usikilize kama zinakwaruza, na tazama kutu kwenye mapezi ya chuma ya kupoozea kadi. Kwetu pwani hewa ya chumvi haikawii. Ukihariri video, jua pia kwamba RTX 3060 haiwezi kutengeneza video za AV1 (mfumo mpya wa kubana video), wakati zile tatu za juu zinaweza.

Ukiifuata Dar, omba iwashwe pale dukani na gemu ichezwe hadi kadi ipate moto. Ukinunua kompyuta nzima, kadi itolewe kwenye mazabodi, ifungwe kwenye boksi lake, uipakate. Kutoka Chalinze hadi Segera hadi Muheza kuna matuta ya kutosha kuvunja sehemu inaposhikiliwa. Waranti ya duka la Dar ina nauli ndani yake, kwa hiyo duka la hapa mjini likikuzidishia kidogo tu, mimi ningelipa. Namba ya kadi iandikwe kwenye risiti, na waranti ya miezi mingapi iandikwe pale pale.