Jinsi ya Kupanga Ua kwa Mfumo wa Linnaeus

Carl Linnaeus, mwana wa mchungaji aliyezaliwa Råshult, kusini mwa Uswidi, mwaka 1707, alisomea utabibu, lakini kilichomjengea jina ni njia ya kupanga mimea aliyoichapisha Uholanzi mwaka 1735, ambayo hata mwanafunzi asiye na chombo chochote ila macho yake aliweza kuifuata. Anayetaka kumwelewa na aijaribu mwenyewe.

Chuma ua lililochanua karibuni, kwa kuwa stameni, yaani vile vijiti vinavyobeba chavua, hunyauka upesi. Kabla ya kuhesabu, tazama kama stameni zimeungana: katika ua la bamia au la pamba zimeshikamana zikawa mrija mmoja, na hapo ngeli, yaani kundi kubwa ambamo mmea huwekwa, ni ya 16, Monadelphia, hata ziwe ngapi. Zikiwa zimeachana, zihesabu. Ua la kahawa lina stameni 5, hivyo linaingia ngeli ya 5, Pentandria; la tangawizi lina 1 tu yenye chavua, nalo ni la ngeli ya 1, Monandria. Kisha hesabu viungo vya kike vilivyo katikati ya ua. Kahawa ina kimoja, kwa hiyo oda yake, yaani kundi dogo ndani ya ngeli, ni Monogynia. Ngeli zote ni 24, na ya mwisho ilibebeshwa kila kisichoonyesha maua, kuanzia kangaga hadi uyoga.

Usishangae mfumo huu ukikupa majirani wasiofanana. Mpunga una stameni 6 na ngano 3, basi nafaka hizo mbili za ukoo mmoja zikatenganishwa, ilhali kahawa na tumbaku ziliwekwa ngeli moja na oda moja! Linnaeus mwenyewe alijua kwamba mpango wake ni wa kurahisisha kazi, wala haukufuata undugu halisi wa mimea, na ndiyo maana wataalamu waliomfuata waliuacha.

Majina ya maneno mawili aliyoipa mimea, hata hivyo, hayakuachwa. Andika kwanza jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, ikianza kwa herufi kubwa, kisha spishi, yaani aina yenyewe, kwa herufi ndogo, yote kwa herufi za mlazo: *Coffea arabica*, yaani kahawa. Ukikuta L. baada ya jina la mmea, ujue aliyelitoa ni Linnaeus. Majina ya kisayansi ya mimea hutambuliwa kuanzia kitabu chake cha mwaka 1753, *Species Plantarum*, na ya wanyama kuanzia toleo la kumi la kitabu chake kingine, *Systema Naturae*, la mwaka 1758.