Gari lako Dar linavuja oili kwenye filta? Soma kabla hujatuma hela

Ujumbe wa namna hii unawafikia wengi wetu huku Uingereza, Marekani na Oman: "Kaka, gari linamwaga oili, fundi anasema injini ishushwe." Usitume hela bado. Muulize mdogo wako, oili ilibadilishwa lini?

Ila kwanza gari lizimwe. Apime oili kwa dipstiki, gari likiwa mahali tambarare. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, asiliendeshe hata kutoka Tabata hadi Buguruni, livutwe. Injini ikikosa presha ya oili, beringi zinaharibika upesi sana, na hapo ndipo gharama kubwa inapoanzia.

Kama sevisi imefanywa juzi tu, kisababishi cha kwanza kukishuku ni mpira wa filta ya zamani kubaki umeganda kwenye injini, fundi akafunga mpya juu yake. Mipira miwili haikai. Gari linaweza kunguruma vizuri pale gereji, kisha oili ikafyatuka njiani presha inapopanda. Kwa hiyo filta ifunguliwe, na mdogo wako aone kwa macho yake kwamba sehemu inapokaa ni safi na mpira ni mmoja. Mpira upakwe oili mpya kidogo, filta ifungwe kwa mkono mpaka iguse, kisha iongezwe kama robo tatu ya mzunguko. Mafundi wanaoikaza kwa mnyororo kwa nguvu zote wanaukata mpira, na mteja ndiye anayelipia.

Filta yenyewe nayo ikaguliwe. Kariakoo na Gerezani feki zipo, na filta inaweza kuingia kwenye nyuzi za kufungia huku mpira wake haulingani. Kwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, namba ya Toyota ni 90915-YZZE1. Omba picha ya boksi na ya filta, kisha mlipe muuzaji mwenyewe kwa lipa namba (namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu).

Kama sevisi ni ya zamani, huenda filta inasingiziwa. Oili hushuka kutoka gasketi ya kava ya valvu au swichi ya presha, ikadondokea kwenye filta. Injini ikiwa imepoa, wafute kote pakauke, waiwashe dakika chache, nawe utazame kwa WhatsApp huku fundi akimulika tochi. Panapoanza kulowana juu kabisa ndipo penye tatizo.

Walaze gari juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, akutumie picha ya boksi hilo na ya dipstiki, ndipo umalizie hela ya fundi.