Kabla ya kupakia baiskeli za kupeleka nyumbani, mpigie fundi

Huku Uholanzi baiskeli nzima hutupwa kwa sababu tu mwenyewe kanunua ya umeme. Ukiiona imeegemea pipa la taka, moyo unakuuma ukikumbuka watoto wanaotembea saa nzima kwenda shule. Mimi niliokota moja nzuri, nikalipia nafasi kwenye kontena la Mtanzania mwenzangu, ikafika kwa mjomba wangu Nzega, mkoani Tabora. Ilitembea miezi minne. Tairi la nyuma likapasuka, na Nzega nzima hakuna tairi lililoingia. "Mjomba," akaniambia kwenye simu, "nimeitundika ghalani. Si kwamba siitaki."

Kosa lilikuwa langu, nalo lilikuwa la namba. Baiskeli za Phoenix na Hero tulizozizoea nyumbani zina tairi la 28 x 1½, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Nyingi za Ulaya nazo huitwa "28", ila rimu ni 622. Milimita 13 tu, lakini tairi la moja linapwaya na la nyingine halipandi kabisa. Usisome inchi. Tazama ubavuni mwa tairi utafute namba mbili zenye kistari katikati, kama 37-622. Ile ya pili ndiyo ya rimu. Chagua 635 ukiipata, au 559 ya "mountain bike", maana tairi zake zimeenea sana madukani kwetu. Jihadhari na 26 x 1⅜: hiyo ni 590, si 559.

Ndiyo maana siku hizi naanza na fundi wa kijijini. Namwomba apige picha za tairi, tyubu na cheni anazoziona kwenye duka anakonunua vipuri, kisha natafuta baiskeli inayolingana na duka hilo. Zenye gia zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, naziacha, na zenye breki za mafuta pia, kwa kuwa zikiharibika fundi hana kipuri. Breki ya kukanyaga kinyumenyume haina shida kwenye tambarare za Tabora. Kwenye miteremko ya Lushoto au Burundi habu, ambamo breki hiyo imo, inapata moto, kwa hiyo hakikisha kuna breki nyingine ya mbele.

Kuna jambo moja wengi hatulifikirii. Fundi wetu amezoea krenki, ule mkono unaobeba pedeli, inayoshikiliwa na pini iitwayo kotapini: anaigonga pini kwa nyundo, inatoka. Krenki za baiskeli nyingi za Ulaya hazina kotapini. Hutolewa kwa kifaa kidogo kinachojifunga kwenye nyuzi za krenki yenyewe na kuivuta taratibu. Asipokuwa nacho atagonga, na alumini itapasuka. Kwa hiyo kila shehena iwe na sanduku la vifaa: hicho cha kuvutia krenki, cha kukatia cheni, cha kufungulia friwili (meno ya gurudumu la nyuma), na spana za pembe sita zenye umbo la L. Kwa maoni yangu sanduku hilo lina thamani kuliko baiskeli tano.

Ujuzi nao upeleke mwenyewe ukienda likizo. Kaa siku tatu kibandani kwa fundi. Kunyoosha rimu kwa jicho, baiskeli ikiwa imepinduliwa, atakufundisha yeye. Wewe mwonyeshe skrubu mbili ndogo za gia ya nyuma, zenye herufi H na L. H huizuia cheni isidondokee nje, L huizuia isiingie kwenye spoki. Mwache azungushe yeye, robo mzunguko kila mara, hadi mkono uzoee.

Kama una baiskeli mbili tatu tu, usihangaike na kontena. Re-Cycle ya Uingereza, Velafrica ya Uswisi na Working Bikes ya Chicago hukusanya zilizotumika na kuzisafirisha Afrika. Mkiwa chama, kontena la futi 40 hubeba kati ya 400 na 500 zikifunguliwa pedeli na usukani ukigeuzwa. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa; ukilazimisha upande mwingine unazidi kuikaza.

Kabla meli haijaondoka, mpate wakala wa forodha Dar es Salaam au Mombasa, muulizie ukaguzi wa shirika la viwango, TBS la Tanzania au KEBS la Kenya, na kibali cha msamaha wa kodi kama mnakitegemea. Kuandika "msaada" kwenye karatasi hakufuti ushuru, na mzigo ukilala bandarini unalipiwa.

Zikifika, sipendi zigawiwe bure. Kikundi kiziuze kwa bei ambayo mzazi anaimudu, hata kwa mafungu, na fedha zibaki kwa tyubu, pedi za breki na mshahara wa fundi. Mwenye duka la baiskeli pale sokoni ashirikishwe mapema pia, maana yeye ndiye atakayeagiza vipuri ninyi mkiwa mbali.

Ya mjomba ilishuka ghalani Agosti iliyofuata. Nilimpelekea matairi mawili ya 622 kwenye begi langu, nikamwachia na la tatu.