Kujua uzito wa kabati kabla hujalibeba

Sinza, kwenye ngazi za ghorofa ya pili, tuliwahi kupandisha kabati la mninga la milango mitatu kwa kukisia tu, watu wawili. Tulipofika kwenye kona mwenzangu wa chini alielemewa, vidole vikabanwa ukutani. Tangu hapo sipakii kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, bila mizani, ile ile ya kupimia watu ambayo vijana hukaa nayo kando ya barabara Kariakoo.

1. Toa vyote vilivyomo. Nguo, droo, rafu zinazochomoka.

2. Pima upande mmoja. Wawili wainue ubavu wa kushoto kidogo, wa tatu asukume mizani chini yake, juu ya mizani ukiwa umelazwa ubao ili miguu ya mbele na ya nyuma ikanyage pamoja. Upande wa kulia weka vipande vya mbao vya kimo hicho hicho, kabati likae sawa. Mmoja alishike lisiyumbe, ila asilibonyeze wala kulinyanyua. Soma. Langu la juzi: kilo 54.

3. Hamishia mizani upande wa pili. Likaja 62. Jumlisha: 116. Kila upande unabeba fungu lake la uzito, na mafungu mawili ndiyo kabati zima. Usipime upande mmoja ukazidisha kwa mbili! Penye droo au kioo huwa pazito zaidi.

4. Huna mizani? Tumia futi kamba. Zidisha urefu, upana na unene wa ubao, vyote vikiwa katika mita, kisha zidisha kwa 600, maana mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo zipatazo 600. Mlango wa mita 1.9 kwa 0.5, unene sentimita 2.5, unakaribia kilo 14. Kioo cha milimita 4 hesabu kilo 10 kwa kila mita ya mraba.

5. Panga watu. Kwenye ngazi aliye chini hubeba zaidi, kwa sababu kabati likiinama uzito wake humwegemea yeye. Wenye nguvu wakae chini. Mimi siruhusu mtu kubeba zaidi ya kilo 30 kwenye ngazi, hata akisema anaweza.

Lile la juzi tuling'oa milango yote mitatu, kilo 42 zikapungua. Zilizobaki 74 tulipanda nazo watu wanne, watatu kati yao wakiwa chini, na pale kwenye kona tuliweza kusimama tukapumua.