Kuweka Ubuntu Pamoja na Windows Katika Kompyuta Mpakato Moja

Wanafunzi wengi wa hapa Dodoma wanaojifunza kuandika programu huihitaji Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake mojawapo, ilhali kazi zao nyingine bado zinaitegemea Windows. Mwenye kompyuta moja anaweza kuiweka mifumo yote miwili katika diski ileile. Usakinishaji wenyewe si mgumu. Maandalizi ndiyo yanayotaka utulivu, kwa sababu anayeyaruka ndiye hupoteza mafaili.

Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha ufungue baadhi ya nakala hizo kuhakikisha kwamba zinasomeka. Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba mafaili yote ya diski, maana kompyuta nyingi mpya huja nayo bila mwenyewe kujua. Ikiwa imefungwa, andika daftarini ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48, kwa kuwa Windows ikiudai nawe huna, mafaili yako hayafikiki tena. Baada ya hapo uizime BitLocker na usubiri hadi diski yote ifunguliwe. Zima vilevile Fast Startup, ambayo huiacha Windows katika hali ya usingizi badala ya kuizima kabisa, jambo linaloizuia Linux kuandika katika sehemu ya Windows.

Ukiwa ndani ya Windows, tumia Disk Management kupunguza sehemu ya C na kuacha nafasi tupu. Ubuntu 24.04 huhitaji GB 25 kwa uchache, lakini ningeshauri 50. Pakua faili lake mahali penye Wi-Fi, kwani lina zaidi ya GB 5 na litamaliza bando, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, umeme usije ukakukatikia katikati ya kazi. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na uchague kusakinisha Ubuntu kando ya Windows, kamwe si kufuta diski nzima.

Baadaye, kila uwashapo, orodha ya GRUB itakuuliza unataka mfumo upi. Usishangae iwapo saa nane mchana Windows itaonyesha saa tano asubuhi: Linux huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tumeitangulia kwa saa 3, ilhali Windows huichukua kuwa saa ya hapa. Fungua terminali ya Ubuntu, yaani dirisha la kuandikia amri, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha uwashe kompyuta upya na urekebishe saa ndani ya Windows mara moja tu.