Umealikwa pilau ya sinia Pwani na hujawahi? Soma hii kwanza

Kuna jamaa yangu wa kazini, mtoto wa Mwanza, nilimchukua twende harusi ya binamu yangu Tanga. Kakaa tu chini akaniuliza "sasa sahani ziko wapi?" Watu walicheka mpaka machozi, ila nikasema ntaandika hii maana wengi mnaalikwa huku halafu mnarudi na njaa wakati sinia lilikuwa limejaa.

Kwanza usije na njaa kali. Kama ni hitma au maulidi chakula kinatoka baada ya kisomo, na kisomo hakikatwi kwa ajili ya tumbo lako, hata harusi lazima ndoa ifungwe kwanza. Kunywa chai nyumbani. Suruali ya kubana nayo acha, utakaa kwenye mkeka umekunja miguu muda mrefu. Viatu unavua nje, na mara nyingi wanawake wana upande wao wanaume wao, kwa hiyo msianze kutafutana na mkeo.

Sinia moja wanakaa kama watu wanne mpaka sita. Kosa kubwa la wageni ni kukimbilia sinia la watoto eti hawali sana, we thubutu uone, nyama itaisha hujapiga bismillahi! Kaa na watu wazima wenzio.

Dogo atapita na birika na beseni, nawa mikono yote miwili ila unakula kwa kulia tu, hata kama we ni mashoto. Glasi ya juisi utaishika kwa kushoto huku unaiegemeza na mgongo wa mkono wa kulia, mana huo una mafuta.

Sasa hapa ndo penyewe. Sinia lina mipaka japo huioni. Eneo lako ni lile lililo mbele ya kifua chako basi, huruki kwenda kwa jirani hata ukiona kwake kuna kiazi kizuri. Nyama inakaa katikati juu na hiyo wala usiiguse mwanzoni, anza na wali. Subiri, kuna mtu mzima pale ataichambua na kumsogezea kila mmoja kipande, na mgeni kawaida anasogezewa kinono. Sema "inatosha mzee" mara moja tu, halafu kula. Ukijichukulia mwenyewe hakuna atakayekwambia kitu, lakini kesho mtaa mzima unajua.

Tonge la pilau si la ugali, usilifinyange kiganjani. Kusanya kwa ncha za vidole, bana kidogo, dole gumba lisukume mdomoni. Kupukutia mkono juu ya sinia ni mwiko kabisa. Ndizi mbivu usiiweke eti tunda la mwisho, inakatwa kidogo kidogo inaliwa na tonge lenye pilipili, utakuja kunishukuru. Na hiyo pilipili waulize wenzio kabla hujaimwaga sinia zima.

Ukiuma karafuu au gome la mdalasini toa taratibu weka pembeni kwako. Halafu tafadhali usiseme "biriani tamu sana", biriani wali wake na rojo lake vinapikwa mbali mbali, hii ni pilau. Rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia bila kuungua, ndo kazi ngumu ya mpishi hiyo. Ukitaka kumfurahisha msifie kitunguu, au sema uzile umekolea (wengine wanaita bizari nyembamba), atakuuliza kwenu wapi.

Umeshiba? Usinyanyuke. Donoa donoa punje moja moja, maana ukiondoka wa kwanza wenzio wataona haya kuendelea na labda kuna mtu hapo hajala tangu asubuhi. Mi mwenyewe hapa huwa nachemsha, miguu inakufa ganzi nabaki najifanya natafuta kachumbari.

Mkishanawa tena mkapata kahawa na halua kidogo, unaweza kuaga. Ukifungiwa pilau ya kwenda nayo pokea, ila usiombe, hata kama roho inakutuma.